Wimbo wa Kidole Kimoja

Tarehe 3 Februari

Mwalimu wangu,

Usishangae kuona karatasi. Simu nimempa binti wa mjomba, kwangu ilikuwa imebaki kioo cha kujitazamia. Dereva wa lori la mjomba anakuja huko mjini kila baada ya wiki mbili kuchukua sponji za magodoro, analala, kesho yake anarudi. Amekubali kuwa posta yetu. Ukitaka kunijibu mkute pale ghalani kabla hajawasha gari.

Mjomba hajambo na karakana yake ya makochi haijambo. Kazi yangu ni kuchora vipimo kwa chaki na kukata sponji kwa kisu kirefu. Chumba changu kimejaa sponji hadi darini. Wenye masikio mazima wakiingia humo wanalalamika kwamba wamezibwa, mimi naingia naona nimefika kwetu. Mafundi wakinitaka hunitupia kipande cha sponji ili nigeuke. Jana mjomba alinitupia kiatu, eti sponji zina bei.

Sasa la maana. Daktari wa huku amenichungulia. Sikio la kulia limeshakufa, hilo unalijua. La kushoto amelikadiria miezi miwili. Miaka kumi na moja ya kusimama mbele ya spika za ukumbi wa dansi nikiwachezesha watu imekula mishipa na dawa hakuna. Mama usimwambie. Kwa sasa nikilibandika kwenye redio ya mjomba bado napata kitu, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta.

Nina ombi moja. Wimbo wangu wa mwisho umo kwenye kompyuta niliyokuachia na haupo kwingine kokote. Ukumbini niliupiga mara tatu tu, mchana, wakati wa kujaribu mitambo na kina mama wa usafi wakipiga deki. Mara zote tatu waliacha ndoo zao. Nitolee kwenye flashi umpe dereva. Nataka niusikie mara moja kabla mlango haujafungwa.

Kaka yako,
Besi


Tarehe 4 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako niliipata jana saa nane nikiwa darasani na watoto wa kinanda. Niliwapa zoezi la kunakili nikakaa dirishani kuisoma. Hilo la miezi miwili nimelisoma mara tatu. Mama nimemwambia unakula vizuri.

Jioni niliufungua wimbo wako. Unajua sijawahi kuusikiliza sawasawa? Siku zote niliusikia kupitia ukuta wa chumba chako nikikugongea upunguze. Jana nimeusikiliza mara sita nikiwa na penseli. Kishindo kinatangulia, nne kwa nne, halafu linaingia lile fungu la sauti: la, do, mi, so, zote kwa pamoja. Kisha unalichukua fungu zima unalishusha, unalipandisha, unalirudisha, bila kubadilisha chochote ndani yake.

Chuoni tungepewa sifuri, kaka. Usicheke. Jambo la kwanza tulilofundishwa katika kupanga sauti ni kwamba sauti mbili zilizoachana kwa hatua tano zisitembee pamoja kuelekea upande mmoja. Zikitembea hivyo kila moja inapoteza utu wake na sikio linazihesabu kama moja. Za kwako zinatembea pamoja mwanzo hadi mwisho, kama kondoo. Halafu fungu likishuka kuna noti inaangukia nje ya ngazi kabisa. Najua hukukusudia.

Flashi ningeweza kumpa dereva leo. Lakini nimefikiri sana usiku: kama utausikia mara moja tu, basi uusikie ukiwa umekamilika. Miaka mitatu nimesoma kupanga sauti na sijawahi kumpangia mtu kitu alichokihitaji. Nipe hizi wiki mbili.

Mdogo wako


Tarehe 17 Februari

Mwalimu wangu,

Nilimsubiri dereva barabarani kama mtu anayesubiri mchumba, akashuka na karatasi mkononi. Wakati barua yako inanifikia safari iliyopita, lori lilikuwa limeshafika huku, kwa hiyo hili neno limechelewa wiki mbili: usiuguse.

Nasema kwa mzaha lakini si mzaha. Lile fungu siyo noti nne nilizozipanga. Ni sauti moja. Unakumbuka siku niliyokuja kukuchukua chuoni ukanikalisha saa nzima? Kulikuwa na kile kinanda cha upepo kwenye ukumbi wenu mdogo. Nikabonyeza vidole vinne bila kujua nabonyeza nini, huku simu inarekodi. Ulimi mmoja wa kinanda, kile kibati cha ndani kinachotetemeka kutoa sauti, ulikuwa mbovu, unakwaruza kidogo, kama mtu mwenye mafua anayejikaza kuimba. Nikaitia sauti hiyo kwenye programu, na tangu siku hiyo naipiga kwa kidole kimoja. Nikibonyeza chini, yote inashuka na mkwaruzo wake. Nikibonyeza juu, yote inapanda. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Changu kiliwaachisha watu ndoo.

Kondoo, sawa. Nimewapenda kondoo wangu. Umeshawahi kuona kundi zima linavuka barabara? Hakuna dereva asiyesimama.

Kwa hiyo mpe jamaa flashi, wimbo ukiwa vilevile, na sifuri yangu ibaki sifuri. Sikio bado lipo ila limeanza kuchagua. Sauti za wanawake limeshazikataa, mke wa mjomba anasema ni bahati yangu.

Kaka yako,
Besi


Tarehe 18 Februari

Kaka, shikamoo.

Naandika haraka, nimesimama hapa ghalani na dereva anapakia. Kompyuta imegoma kuwaka. Nimeipeleka kwa fundi, anasema ni kitu kidogo lakini kipuri kinaagizwa. Ndiyo sababu flashi haipo.

Kuhusu kuugusa, usiwe na wasiwasi.

Mama anakusalimu. Ametaka kujua kama huko una shuka la pili.

Mdogo wako


Tarehe 3 Machi

Mwalimu wangu,

Mwambie mama ninayo mashuka matatu na godoro nene kuliko la waziri.

Hakuna flashi tena safari hii. Fundi wako ni kinyonga? Nisamehe, najua si kosa lako. Ila siku zinahesabika na mimi ndiye ninayezihesabu. Wiki iliyopita nilibandika sikio kwenye redio, taarifa ya habari ikawa kama mbu, halafu mbu akaondoka, halafu akarudi.

Nimepata wazo. Ulinifundisha udogoni kusoma do, re, mi kwa kunichora kwenye vidole, nikakutoroka siku ya pili. Sasa nafundishika, sina pa kutorokea. Wakati tunamsubiri fundi, niandikie wimbo wangu kwenye karatasi, noti kwa noti, na unieleze zinavyosomwa. Wewe una kichwa cha kukariri, najua umeshaujua wote. Nataka niwe nao kwenye macho, ili flashi ikija sikio lisihangaike kutafuta, liwe linajua linakoelekea.

Ukiniandikia vizuri nitaacha kukuita Mwalimu, nitakuita Profesa.

Kaka yako,
Besi


Tarehe 4 Machi

Kaka, shikamoo.

Karatasi nne zimo ndani ya bahasha. Nimekesha nazo ili ziwe safi.

Kila mstari ni sauti moja: besi chini, kisha ya tatu, ya pili, na ya kwanza juu. Zisome zikiwa zimesimama pamoja, kutoka chini kwenda juu, kama unavyopanda ngazi. Pembeni ya kila noti nimeandika namba ya hatua kutoka noti ya chini yake, nikihesabu nusu kwa nusu kama vitufe vya kinanda, vyeupe na vyeusi vyote. Soma mstari mmoja kwanza hadi uweze kuuimba kichwani bila kutazama. Kisha wa pili. Ukiwa na yote minne, fumba macho uiruhusu iingie kwa wakati mmoja. Inawezekana. Mwalimu wetu wa chuo alikuwa anasoma kitabu cha noti kwenye kiti cha kusubiria daktari, anatikisa kichwa, watu wanamhama.

Kinachokusaidia ni kujua kila sauti inataka kwenda wapi. Ti inataka kupanda kwa do. Fa inataka kuteremka kwa mi. Ukizijua haja zao huzisahau.

Fundi bado. Kaka, nisamehe.

Mdogo wako


Tarehe 17 Machi

Profesa,

Ahadi ni deni, jina nimelibadilisha.

Nimezifanyia karatasi zako kazi kuliko nilivyowahi kufanya chochote shuleni. Asubuhi kabla mafundi hawajaja nasoma mstari mmoja. Mchana nakata sponji nikiwa nao kichwani. Jioni nasoma mwingine. Mjomba ameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni, maana natikisa kichwa kama huyo mwalimu wako. Juzi alimwambia mkewe, nami nikamsoma midomo: “Huyu mtoto wa dada amepata dini.”

Na imetokea kama ulivyosema. Jumapili nilifumba macho, ikaingia yote minne. Nililia, sikufichi. Ni wimbo wangu, ila umevaa nguo za kwendea ofisini. Nadhani ndivyo noti zinavyokuwa, hazina mkwaruzo wa kinanda wala kishindo. Vitakuja na flashi.

Kushoto limebaki tundu la sindano. Naomba safari hii usiniambie habari za fundi.

Kaka yako,
Besi


Tarehe 18 Machi

Kaka, shikamoo.

Fundi bado.

Naomba uamini kwamba nahangaika. Nimehangaika kila siku tangu Februari. Sina la kuandika zaidi ambalo dereva anaweza kulibeba.

Mdogo wako


Tarehe 31 Machi

Profesa,

Sikio limekwenda. Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na sita, wakati wa chai. Hapakuwa na jambo lolote. Nililibandika kwenye redio nikakuta ni sanduku. Mjomba aliongeza sauti hadi majirani wakatoka nje, nikawaona wanatoka. Basi.

Siku zilizofuata sikuwa na kazi ya kufanya na kichwa changu, nikarudi kwenye karatasi zako. Niliamua kuuchora wimbo kwa chaki kwenye sponji kubwa la kochi la watu watatu, kila nusu hatua upana wa kidole. Sauti nne, mistari minne. Nilitaka niione njia yao kwa urefu.

Sasa nisaidie, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma. Fungu la kwanza lina mianya ya vidole vitatu, vinne, vitatu. Nikasema vizuri, hilo ndilo nililorekodi. Fungu la pili lina mianya mingine. La tatu mingine tena. Mstari mmoja unashuka huku jirani yake anapanda, mwingine amekaa palepale. Nimepima na kupima tena, na kupima ndiyo kazi inayonilisha.

Profesa, mimi nilikuwa nabonyeza kidole kimoja. Sauti ile ilikuwa imeshaungana, haiwezi kuachana miguu. Mistari yangu ingetakiwa iende sambamba kama reli, juu hadi chini, wimbo mzima.

Nilidhani umekosea kwa sababu uliandika kwa kichwa. Lakini wewe hukosei namba. Naomba uniambie kitu kimoja tu: umesahau au umegusa?

Besi


Tarehe 1 Aprili

Kaka,

Nimegusa.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana hata kukiri sijui kukiri bila mpangilio. Ilikuwa Jumapili, tarehe nane Februari, kabla ya barua yako ya kuniambia nisiuguse. Nililiondoa lile fungu nikaweka mahali pake sauti nne za piano, kila moja na mstari wake. Nilizipanga siku nzima. Mama alileta chakula akakichukua kilivyo. Nilipomaliza, programu ikaniuliza kama sauti ambazo hazitumiki tena zitupwe, nikabonyeza ndiyo, kama mtu anayemalizia kufagia. Nikahifadhi juu ya ule wako. Sikunakili kwanza. Nilikuwa na furaha, kaka, naona aibu kulisema hilo kuliko mengine yote.

Jumatatu mchana niliupeleka ukumbini. Kobe, yule aliyechukua nafasi yako kwenye mitambo, akaupiga kwa spika kubwa. Kina mama wa usafi walikuwepo. Waliendelea kupiga deki. Mmoja alipita na ndoo yake akaniuliza kwa upole kama huo ni wimbo wa kufungia shule. Kobe akajifanya anatafuta waya. Nikarudi nyumbani kuufungua wa zamani, na wa zamani haukuwepo.

Kompyuta haijawahi kuharibika. Hakuna fundi. Nilikwenda chuoni kurekodi upya kile kinanda. Mlinzi alinifungulia huku anajisifu kwamba kimefanyiwa matengenezo mwezi wa kwanza. Ndimi zote mpya. Nilikirekodi hata hivyo, kila siku ya Machi nimejaribu kukikwaruza kwa programu, kwa mchanga, kwa karatasi iliyobanwa kwenye ndimi. Jaribio lililo karibu zaidi ndilo hili kwenye flashi ninayokupa leo, na najua limefika siku sita baada ya sikio lako.

Ungeweza kuusikia tarehe tano Februari. Nilikuwa na flashi mkobani siku ile ya kwanza pale ghalani, tupu.

Kuhusu karatasi, nilikuandikia ule wangu kwa sababu ndio uliokuwa kwenye skrini, na kwa sababu nilitumaini kwamba kwa macho utaupenda. Sasa najua nilichokosea katika somo lenyewe. Kanuni ile inazilinda sauti zisipoteze utu wao. Watu wako walikuja pale ukumbini kuupoteza, kwa saa tatu, wote kwa mara moja. Haikuandikwa popote kwenye vitabu vyangu, na wewe ulikuwa chumba cha pili.

Siombi unisamehe. Naomba uniambie la kufanya.

Mdogo wako


Tarehe 14 Aprili

Mdogo wangu,

Flashi nimepata. Mjomba aliichomeka, nikaweka kiganja kwenye spika. Kishindo ni kilekile, nne kwa nne, nilikitambua kama unavyotambua mgongo wa mtu wako barabarani. Lakini kiganja kinasikia mdundo tu. Habari za la na do na mi mkono hauzijui. Kwa hiyo hata kama ungekuwa ule wangu wenyewe, sasa hivi ningepata kiasi hichohicho. Nakuambia ili upunguze kujichapa.

Nilikukasirikia siku tatu. Niliharibu sponji la kochi zima, mjomba akaketi kando yangu tukatazama vipande, akanipa chai. Siku ya nne hasira ikaisha yenyewe, nikabaki na jambo jingine ambalo ningependa nisikuandikie, lakini tumeshaona kufichana kunatupeleka wapi.

Wiki nne nilizisoma karatasi zako asubuhi na jioni. Ulinifundisha vizuri mno. Ulisema nijue kila sauti inataka kwenda wapi, na nikajua. Sasa ninapotaka kuukumbuka wa kwangu, nakaa kwenye sponji, nafumba macho, naweka kidole hewani, nabonyeza, na kinachokuja ni wako. Ti inapanda kwa do. Fa inateremka kwa mi. Kila sauti na njia yake, safi, hakuna mkwaruzo. Nimejaribu kuufukuza ili wangu urudi, lakini sina sikio la kwenda kuuliza wangu ulikuwaje. Nakumbuka kwamba ulikuwepo. Nakumbuka ndoo zimesimama sakafuni. Sauti yenyewe haipo, mdogo wangu. Nimeitafuta.

Umeuliza la kufanya. Usiniandikie tena noti, wala maelezo ya noti. Niandikie mama amekula nini, nani kaoa, mvua. Kompyuta wape wale watoto wako wa kinanda. Kobe akiuliza, mwambie nimeacha.

Na ule wimbo uliomo kichwani mwangu, ninaousikia mimi, uandike jina lako. Ni wako kweli, na nausikia siku nzima. Mimi sina wa kuandika langu.

Kaka yako